Kwenye makaratasi mimi ni mtoto wa mjomba

Mama mpendwa,

Wasomaji wengi wanakuita shangazi. Mimi naomba nikuite mama, na sababu utaiona huko mbele.

Mimi ni Mchina, nimeolewa na Mtanzania, tunaishi Dar es Salaam. Kiswahili nilikisomea chuo kikuu Beijing, na sasa ndiyo lugha ninayomlelea mwanangu. Safu yako naisoma kila wiki. Kuandika nimesitasita sana, kwa sababu watu wakisikia kwetu ni matajiri huona sina cha kulalamikia.

Nilizaliwa 1988 katika kijiji kilicho karibu na Keqiao, huko Shaoxing, mkoa wa Zhejiang. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata vitambaa China wanapajua vizuri. Wakati huo baba alikuwa na mashine chache tu za kufuma, ziko bandani nyuma ya nyumba. Serikali ilikuwa imebana uzazi. Kwetu vijijini, mwenye mzaliwa wa kwanza msichana aliruhusiwa kujaribu mara moja tena, basi. Dada yangu alikuwa ameshazaliwa. Ile nafasi iliyobaki, ambayo ukoo mzima uliiombea mvulana, nikatokea mimi.

Haya alinisimulia bibi mzaa mama. Sikuwa hata na mwezi mmoja nilipopelekwa kwake usiku. Kaka yake mama, mjomba wangu, alikuwa ameoa na hakujaaliwa mtoto, kwa hiyo wakaniandikisha kama mwanawe kwenye daftari lake la kaya, ambamo serikali husajili watu wa kila nyumba. Nafasi ya wazazi wangu ikabaki wazi. Mwaka 1991 akazaliwa mdogo wangu wa kiume, kihalali kabisa, bila faini.

Nilikaa kwa bibi na mjomba hadi nilipofika umri wa shule. Bibi alipougua, mama alikuja kunichukua kwa gari. Baba alikuwa ameshatajirika. Mle garini ndimo nilimoelekezwa: mbele za watu nimwite mama yangu shangazi. Na nyumbani vilevile, nisije nikajisahau siku moja mbele ya wageni. Basi mama yangu nimemwita shangazi maisha yangu yote.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa nne, yenye lango la shaba, dereva na dada wa kazi. Sikupigwa wala sikulala njaa. Nguo nilipata, ada ililipwa kwa wakati. Ila wageni wakija, meza ya duara iliwekewa viti vya familia na vya wageni, na mimi nilikula jikoni na dada wa kazi, mama mmoja kutoka Anhui aliyekuwa ameacha wanawe kwao. Kwenye mkutano wa wazazi shuleni alikuja dereva, akasaini jina lake palipoandikwa "mzazi au mlezi". Wakati dada na mdogo wangu walipopigwa picha za mwaka mpya, mtu wa kushika kamera nilikuwa mimi. Nilipopelekwa shule ya bweni nilifurahi, kwa sababu kule kila mtoto alikuwa peke yake. Mjomba, ambaye ni fundi baiskeli, alikuwa akija kila Juni na kapu la matunda ya yangmei, ananiachia getini kwa mlinzi.

Nikuambie mambo mawili tu ambayo hayanitoki.

Babu mzaa baba alifariki 2003. Kwetu jiwe la kaburi huandikwa majina ya watoto na wajukuu waliolisimamisha, na majina ya walio hai hupakwa rangi nyekundu. Mwaka uliofuata, siku ya Qingming, ambayo ndiyo siku yetu ya kusafisha makaburi kila Aprili, mimi ndiye niliyepewa kitambaa nilipanguse lile jiwe. Jina la dada lilikuwepo. La mdogo wangu lilikuwepo, limechongwa kwa herufi kubwa kuliko la dada. Nilipangusa nafasi iliyobaki chini yao, mawe matupu, nikapangusa tena kana kwamba kuna vumbi limefunika kitu.

La pili ni harusi ya dada. Shaoxing tunasifika kwa pombe ya mchele, na ipo desturi ya zamani kwamba mtoto wa kike akizaliwa baba yake hufukia mitungi ya pombe hiyo ardhini, ije ifukuliwe siku anayoolewa. Baba aliifukua ya dada mbele ya wageni wote, akaufuta udongo kwa mikono yake mwenyewe, akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Mimi nilikuwa nikigawa bilauri. Mgeni mmoja akaniuliza mimi ni nani katika familia. Mama akawahi kujibu: mtoto wa kaka yangu.

Nilifanya mtihani wa chuo kikuu mwaka 2006, nikachagua Beijing na lugha ambayo nyumbani hakuna aliyejua inazungumzwa wapi. Ndivyo nilivyofika hapa.

Mwaka jana baba alipata kiharusi. Upande wa kulia umepooza, na maneno hayatoki. Dada yuko Vancouver na wanawe. Mdogo wangu ndiye anayeendesha viwanda. Mama amenipigia simu, anasema nirudi nimuuguze baba, kwamba mabinti ndio wanaojua kuuguza. Hakuniambia nikae muda gani. Siku chache baadaye mdogo wangu akanitumia kwa WeChat karatasi ya kusaini, inayosema kwamba sina na sitadai haki yoyote katika mali ya baba na mama. Anasema ni utaratibu tu.

Mume wangu ni mtu wa Tanga, mtu mwema. Anasema mzazi ni mzazi, nisipokwenda sasa nitakosa radhi. Mama mkwe, ambaye nampenda mno, ananiambia mkataa kwao mtumwa. Nao hawanionei. Wao wamelelewa na watu waliowataka.

Nina binti wa miaka sita. Ananiuliza kwa nini yeye ana bibi mmoja tu wakati wenzake wana wawili.

Sijui kama nazitaka fedha zao. Siku nyingine nasema sizitaki, siku nyingine natamani zote ziwe zangu kwa hasira. Ninachokitaka kwa hakika naona haya kukiandika. Nataka mama anitambulishe kwa mtu mmoja tu, hata awe muuguzi wa zamu: huyu ni mwanangu.

Niende? Nisaini? Nina deni gani kwao?

Binti wa Keqiao, Dar es Salaam

*

Mwanangu,

Nakuita hivyo kwa sababu ndivyo ulivyoniomba, na kwa sababu nimeisoma barua yako nikiwa jikoni nikaacha chakula kiungue.

Kwanza niwaambie wasomaji wengine jambo moja, maana najua kuna watakaosema huyu alikula akashiba, ana nini tena. Mtoto anaweza kulala kitanda kizuri katika nyumba ya ghorofa nne na bado kila asubuhi akaamka akiwa mgeni. Aliyekulia kwenye dhiki na mama anayemwita kwa jina lake anajua yeye ni wa nani. Huyu binti hakujua. Alifundishwa, tena na mama yake mzazi, kwamba akijulikana ni mtoto wa nyumba ile kutakuwa na balaa. Hilo ni jeraha kamili, na fedha za baba yake hazilipunguzi hata kidogo. Waliokulia kwa ndugu huku kwetu, wakaitwa watoto wa nyumba mbele za watu na kugeuzwa watumishi watu wakishaondoka, watamwelewa bila kuelezwa.

Sasa tuzungumze sisi wawili.

Mambo ya mwaka 1988 nayaelewa, na nataka uyaelewe bila kujichukia. Kampeni ya mtoto mmoja ilishika kasi mwaka 1980 na haikuondolewa hadi mwisho wa 2015. Ni kweli kwamba kuanzia 1984 vijijini katika mikoa mingi walilegezewa kidogo, wenye binti wa kwanza wakaruhusiwa wa pili. Ndiyo maana msichana wa pili alibeba mzigo mzito kuliko wa kwanza. Waliovuka idadi walitozwa faini kubwa, wafanyakazi wa serikali walifukuzwa kazi, na wanawake wengi walilazimishwa kutoa mimba. Watu wakaficha watoto kwa bibi, kwa wajomba, kwa majirani. Sensa ya 2010 ilikuta watu wapatao milioni 13 wasio na usajili wa kaya, na ni mwaka 2016 ndipo serikali ilipoagiza wote wasajiliwe. Sensa hiyohiyo ilionyesha kwamba katika watoto wachanga, kwa kila wasichana 100 walizaliwa wavulana 118. Kwa hiyo ulipozaliwa ulikuta dunia imeshajipanga dhidi yako kabla hujafungua macho. Wazazi wako walikuwa maskini wenye mashine chache, na waliogopa. Kukupeleka kwa bibi usiku ule naweza kuwasamehe.

Siwezi kuwasamehe kwa niaba yako yale ya baadaye. Ulipokuwa unagawa bilauri kwenye harusi ya dada yako, baba yako hakuwa maskini tena. Faini kwa tajiri ilikuwa fedha tu. Mwongozaji wa filamu Zhang Yimou, mtu anayejulikana dunia nzima, mwaka 2014 alitozwa zaidi ya yuani milioni 7 kwa watoto watatu, akalipa, na watoto wakabaki wake mbele ya ulimwengu. Wazazi wako wangeweza kulipa. Wangeweza hata kuendelea kuficha makaratasi huku wakikuita mwanetu mlango ukiwa umefungwa. Hakuna sheria ya China iliyoamuru ukale jikoni. Hilo walilichagua wenyewe, mwaka baada ya mwaka, na nadhani walilizoea hadi wakaacha kuliona. Naomba uvitenganishe hivi viwili kichwani mwako, kwa sababu nahisi umeishi ukiwatetea kwa kutumia kimoja kuficha kingine.

Karatasi sasa. Usisaini.

Sababu za kisheria nitakueleza kwa jinsi ninavyozijua, kisha utafute wakili wa hukohuko Zhejiang, umlipe wewe mwenyewe, asiwe wa familia. Kanuni ya Sheria za Kiraia ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, inasema mwanamume na mwanamke wana haki sawa ya kurithi, na inawaweka mke au mume, watoto na wazazi katika daraja la kwanza. Anayetaka kuacha urithi anapaswa kuandika hivyo baada ya mwenye mali kufa na kabla mali haijagawanywa. Baba yako yu hai. Karatasi anayoitaka mdogo wako leo, kwa kipimo hicho, imekuja kabla ya wakati wake. Isitoshe, sheria ya China ya kulinda wazee inasema mtoto hawezi kukwepa kumtunza mzazi kwa kisingizio kwamba ameacha urithi. Maana yake, hata ungesaini, wangeweza bado kukudai uuguzi. Wanachotaka ni mikono yako ije na jina lako libaki nje.

Lakini usiende ukiihesabu hiyo mali. Baba yako ana uhuru wa kuandika wasia na kumwachia mdogo wako kila kitu, na huenda ameshauandika. Nusu ya walichochuma pamoja kwa kawaida ni ya mama yako. Halafu kuna lile daftari la mjomba. Uliandikishwa humo kabla sheria ya kuasili watoto haijaanza kutumika China mwaka 1992, kwa hiyo mwulize wakili swali hili kabla ya mengine yote: mahakama ingeniona mtoto aliyeasiliwa na mjomba, au mtoto wa wazazi wangu aliyefichwa tu kwenye daftari la mtu mwingine? Tofauti ni kubwa mno, kwa sababu mtoto aliyeasiliwa hukatika katika mirathi ya waliomzaa. Ikibidi, kuna kipimo cha vinasaba.

Na huku ukitafuta wakili, itazame tena ile karatasi. Wamekuambia maisha yako yote kwamba wewe ni mtoto wa kaka yake mama. Mtoto wa kaka yake mama haombwi aache urithi wa baba. Hakuna anayehangaika kupata saini ya mtu asiye na haki. Mdogo wako, pengine bila kukusudia, amekuwa mtu wa kwanza katika familia ile kuandika kwamba wewe ni binti wa nyumba. Usiifute. Hifadhi hayo mazungumzo ya WeChat, yachapishe, uweke nakala mahali ambapo simu ikiibiwa Kariakoo hayapotei.

Umjibu kwa upole: "Sitasaini kitu chochote baba akiwa mgonjwa." Sentensi hiyo moja inatosha. Akikasirika, usiongeze ya pili. Na ile aibu ya kuzitaka fedha, iache. Si tamaa mtu kutaka fungu lililo sawa na la wenzake. Hasira yako inajua kuhesabu, na imehesabu sawasawa.

Kwenda? Nasema nenda, ila si kwa namna anayoitaka mama yako, wala kwa sababu anazozitoa mumeo.

Mama yako anataka muuguzi. Familia yenye viwanda ina uwezo wa kuajiri wauguzi wa kulipwa wa kukaa na mgonjwa usiku na mchana, na hospitali za China zimejaa watu wanaofanya kazi hiyo. Kama hawajawaajiri, si kwa kukosa fedha. Wewe una kazi, una mume, una mtoto wa miaka sita anayehitaji mama aliye mzima. Ukirudi katika nyumba ile kama mhudumu asiyelipwa na asiye na tarehe ya kuondoka, utakuwa umerudi jikoni, safari hii kwa hiari yako. Sikushauri hivyo hata kidogo. Nenda kama mtoto mkubwa anayekwenda kumjulia hali mzazi mgonjwa: likizo yenye mwanzo na mwisho, tiketi ya kwenda na kurudi, malazi ambayo hayako katika nyumba ya ghorofa nne. Binti yako mwache na bibi yake kwa mara hii ya kwanza. Huna sababu ya kumpeleka mahali ambapo wewe mwenyewe hujui utapokelewaje.

Sababu ya kwenda ni wewe. Baba yako hasemi, na huenda asiseme tena. Kama kuna kitu unachotaka kumwambia akiwa anasikia, muda ni huu. Kiharusi kinaweza kumnyang'anya mtu maneno kikamwachia masikio na akili, kwa hiyo usidanganyike na ukimya wake ukadhani haelewi. Keti upande wake wa kushoto, ule anaoweza kuusogeza. Mwambie jina lako. Mwambie una mume na binti, na jina la binti. Mwambie uliliona kaburi la babu. Usimwombe ajibu. Jibu ulilolisubiri kutoka kwake siwezi kukuahidi, na yeye naye hawezi tena kukupa kwa kinywa.

Kwa mama yako nina ushauri ambao utakuwa mgumu. Utakapoingia chumbani, mwite mama. Kwa Kichina, kwa sauti ya kawaida, kama unayeuliza kama amekula. Usimwombe ruhusa kwanza na usiligeuze kuwa ugomvi. Unangoja akutambulishe kwa muuguzi wa zamu. Mwanangu, usingoje. Jitambulishe mwenyewe: "Mimi ni binti yake wa pili." Uko na miaka thelathini na kitu, sheria iliyowatia hofu imekufa, hakuna ofisa atakayekuja kumfukuza mtu kazi. Siri hii ilikuwa ya kwao, wewe ulipewa tu kazi ya kuibeba. Anaweza kunyamaza. Anaweza kulia, au kutoka nje ya chumba, au kukurekebisha mbele ya watu kama alivyofanya harusini. Akikurekebisha itauma kuliko zamani, sitakudanganya. Ndiyo maana sitaki uwe peke yako huko, na ndiyo maana nataka mumeo aende nawe kama kazi yake inaruhusu. Kama hairuhusu, awe hewani kila usiku.

Kwa huyo mtu wa Tanga nina maneno machache. Baba, radhi ni jambo kubwa na simkejeli anayeiogopa. Lakini mkeo hajamkosea mzazi, na huwezi kumtuma mtu akaombe msamaha kwa kosa alilotendewa. Amekuandalia chakula, amekuzalia, amejifunza hata kuomboleza kwa desturi zenu. Mwulize kuhusu lile jiwe la kaburi. Usimpe jibu, mwache aseme mpaka amalize. Na kwa mama mkwe, ambaye naona wazi kwamba anampenda huyu binti: mkataa kwao mtumwa ni kweli, mwenzangu, ila huyu hakukataa kwao. Alikataliwa. Tena alikuja akapata kwao hapo kwako.

Mtoto mwambie ukweli wa kiasi chake. "Una bibi wawili. Mmoja yuko China, yuko mbali, na mimi na yeye hatujazoeana." Hapo hujamdanganya na hujamtwika. Akiwa mkubwa utamsimulia zaidi.

Deni. Umeniuliza una deni gani kwao. Tangu mwaka 2013 sheria ya China inawataka watoto wanaoishi mbali wawatembelee wazazi au kuwajulia hali mara kwa mara. Hicho kiasi nadhani unaweza kukitoa bila kujiumiza: simu, safari, swali la amelalaje. Ada waliyolipa ilikuwa wajibu wa aliyekuzaa, haihesabiki kama mkopo. Mapenzi huwezi kudaiwa na watu ambao hawakuyaweka. Ukiyakuta moyoni mwako hata hivyo, kwa sababu moyo wa mtoto haupangiwi, hayo ni yako, wape au usiwape.

Lakini kuna mtu ambaye umemtaja kwa ufupi sana, kama mtu anayepita nyuma ya picha. Mjomba. Mtu asiyejaaliwa mtoto, aliyekubali kuandika jina lako kwenye daftari lake wakati ambapo kukamatwa kwa udanganyifu wa namna hiyo kungemponza. Akakulea hadi umri wa shule. Ukachukuliwa kwa gari siku moja, na sioni kwenye barua yako kama kuna aliyemuuliza anajisikiaje. Kisha kila Juni akaja na kapu la yangmei hadi getini, tunda ambalo likishachumwa halivumilii siku nyingi, maana yake alilichuma na kuanza safari. Akaliacha kwa mlinzi. Kwa nini hakuingia? Alikatazwa? Aliambiwa asikutie aibu mbele ya wenzako? Sijui, na nadhani wewe pia hujui.

Ulipokuwa unapangusa lile jiwe ukilitafuta jina lako, jina lako lilikuwa limeandikwa mahali, kwenye karatasi zake, na kwa mujibu wa karatasi hizo wewe ndiye mtoto wake wa pekee. Akiugua yeye, hospitali itamtafuta nani? Nani analipa dawa zake sasa? Mama yako anakuita umuuguze mtu mwenye viwanda, na kaka yake mwenyewe fundi baiskeli hakuna aliyemtaja. Kama kuna mzee mwenye haki ya kukuuliza mbona hujaja, ni yeye. Ukiniambia kwamba humkumbuki kwa mapenzi, nitakubali. Ila sidhani, maana unalikumbuka hata geti alipoachia kapu.

Na liko jambo la kawaida kabisa pia: bibi aliyekusimulia habari za usiku ule alikuwa mzee na mgonjwa tangu utoto wako. Mjomba ndiye shahidi wa kile kilichoandikwa, kama kulikuwa na karatasi ya kuasili au ni daftari tu, na nani aliyekwenda ofisini kukuandikisha. Wakili atataka kujua hayo. Fikia kwake. Kama nyumba yake ina kitanda cha ziada lala hapo, mweleze ulichoitiwa, msikilize, ndipo mwende hospitali, na akikubali mwende wote wawili.

Mpigie leo, kabla hujamjibu mama yako.